Naombeni ushauri: nimpeleke mama Gyeongpodae au Uisangdae?

Wakuu, habari zenu. Nasoma Seoul, Korea Kusini, na mama anakuja kunitembelea mwezi wa kumi kutoka Pangani. Ombi lake ni moja tu, aione bahari ya huku. Natamani tukae naye kwenye moja ya yale mabanda ya kale ya mbao ya kutazamia mandhari, jua likichomoza. Nimebakiwa na mawili, Gyeongpodae la Gangneung na Uisangdae la Yangyang, zote sehemu za pwani ya mashariki. Magoti yanamsumbua, ngazi nyingi haziwezi. Niende lipi?

Ngalawa77: Mkuu, kwa historia ni Gyeongpodae. Lilijengwa 1326, likahamishiwa hapo lilipo 1508. Ila linatazama ziwa, bahari iko ng'ambo yake. Raha yake ni usiku wa mbalamwezi: wenyeji husema utaona miezi mitano, wa angani, wa baharini, wa ziwani, wa kwenye kikombe chako na wa machoni mwa umpendaye. Lakini mama kasema bahari. Mpeleke Uisangdae.

DadaMkunazi: Naunga mkono kabisa. Uisangdae lina pembe sita, limekaa ukingoni mwa jabali na mawimbi yanapiga chini yake. Lenyewe ni la 1925 tu, ila mahali hapo pamebeba jina la mtawa Uisang, aliyeanzisha hekalu la Naksansa mwaka 671. Moto wa 2005 uliteketeza sehemu kubwa ya hekalu, hata kengele ya shaba ya 1469 ikayeyuka. Banda likapona.

Kuhusu magoti, msipitie lango kuu, kule ni mlima. Ingieni upande wa bahari, ni mwendo mfupi. Mama akijaliwa nguvu, sogeeni hadi Hongnyeonam, kihekalu kilichojengwa juu ya mwamba. Sakafuni kuna kitundu. Niliinama nikaona povu likizunguka chini kabisa, harufu ya chumvi ikanipanda usoni. Nilikumbuka nyumbani, sikufichi.

Ngalawa77: Laleni Naksan, hapo karibu na hekalu, usiku wa kuamkia siku hiyo. Oktoba jua linatoka kama saa kumi na mbili na nusu, hamtawahi mkitokea Seoul. Na beba sweta la mama, upepo wa alfajiri pale ni mkali.

Mleta uzi: Asanteni sana, ni Uisangdae. Nimempigia sasa hivi. Anauliza kama ataruhusiwa kutia miguu majini.

DadaMkunazi: Mwambie ufukwe wa Naksan uko hapo hapo jirani, mchanga mtupu. Ila maji ni ya baridi, si kama ya Pangani. Beba taulo.