Sindano ya homoni kwa madume ya mwatiko

Swali (Wete): Assalaam alaykum. Tangu tuwadunge homoni ya kuchochea uzazi madume yetu ya samaki aina ya mwatiko, shahawa zinatoka kwa wingi, lakini ni nyepesi kama tui la pili, na mayai yanayorutubika ni machache. Je, homoni imeharibu mbegu?

Jibu: Waalaykum salaam, ndugu yangu. Si lazima. Homoni huongeza majimaji ya shahawa, hivyo mbegu hupungua katika kila tone ingawa jumla yake huenda isipungue. Mimi nauhofia zaidi mkojo, ambao aghalabu hutoka pamoja na shahawa dume anapominywa tumbo. Pangusa tundu la kutolea shahawa likauke, tupa matone ya mwanzo, kisha vuta shahawa kwa bomba kavu la sindano.

Jibu la mwingine: Bomba kavu hasa, maalim, kwani mbegu za samaki wa baharini huanza kuogelea zikutanapo na maji ya chumvi, na nguvu zake huisha upesi. Wepesi usiupime kwa macho. Changanya tone na maji ya bahari chini ya hadubini, utazame ngapi zinakwenda mbele.

Muulizaji: Ahsanteni. Na kambare?

Jibu: Huyo mbali. Dume lake kwa kawaida halikamuliki hata likidungwa, ndiyo maana wafugaji hulichinja wakatoa korodani.