Mama amefungwa vyuma mgongoni bila kuelezwa alichokuwa anakubali

Ndugu wanajamvi, naandika nikiwa na hasira na sioni sababu ya kuificha. Mama yangu mzazi alifanyiwa upasuaji wa mgongo katika hospitali moja kubwa hapa Dar es Salaam, baada ya pingili yake ya nne ya kiuno kuteleza mbele juu ya ile ya tano, tatizo linalowapata sana akina mama waliovuka miaka 50. Fomu ya ridhaa aliletewa kitandani usiku wa kuamkia upasuaji, muuguzi akamwonyesha kwa kidole mahali pa kutia sahihi, basi. Daktari mwenyewe hakutokea.

Hakuna aliyemwambia kwamba skrubu na vyuma vile kazi yake ni kuzishikilia pingili zisicheze, wakati mfupa uliopandikizwa unaota na kuziunganisha, na kwamba kuunga huko huchukua miezi mingi, pengine mwaka mzima. Mama anatumia ugoro tangu nikiwa mdogo, na nikotini inajulikana kuzuia mfupa kuunga, lakini hata swali hilo hakuulizwa. Wala hakuelezwa kwamba pingili iliyoteleza kwa chini ya robo ya upana wa pingili, kama yake, mara nyingi huanza kutibiwa kwa dawa na mazoezi tiba, na kwamba upo upasuaji wa kuondoa mgandamizo kwenye mishipa ya fahamu bila kufunga vyuma. Utafiti wa Norway uliochapishwa mwaka 2021, uliohusisha wagonjwa 267 wenye tatizo hilihili, ulionyesha kwamba baada ya miaka 2 waliofanyiwa upasuaji huo hawakuwa nyuma ya waliofungwa vyuma. Inawezekana kabisa kwamba mama alivihitaji vyuma. Lakini mgongo ni wake, na uamuzi ulikuwa wake.

Sasa maumivu yamerudi, mguu wa kushoto unawaka moto hadi kwenye kidole gumba, na daktari wa pili anataka taarifa ya upasuaji ili ajue ni skrubu za aina gani kabla hajagusa chochote. Kila tukifika dirishani tunajibiwa kwamba faili linatafutwa. Risiti tuliyonayo imeandikwa "vifaa" na jumla ya fedha, bila jina la mtengenezaji wala idadi.

Aliyewahi kudai nakala ya faili lake kwa maandishi anieleze: barua ianzie kwa mganga mfawidhi, au niende moja kwa moja Baraza la Madaktari?