Mrejesho: Wawekezaji na shirika letu la mbolea, Mukuru

Habari zenu. Niliuliza vile naweza kuwaketisha wawekezaji na shirika letu linalogeuza taka za jikoni kuwa mbolea. Asanteni mlioniambia nipunguze maneno niandae hesabu.

Tulikutana na wawekezaji Kilimani, Nairobi. Swali la kwanza wala halikugusa mazingira: "Gunia moja linawagharimu ngapi, na mnauza ngapi?" Mhasibu wetu akafungua daftari, mazungumzo yakaanza kweli.

Kikwazo ni sheria. Ile ya Kenya ya Mashirika ya Manufaa ya Umma ya 2013, iliyoanza kutumika Mei 2024, haituruhusu kugawana faida. Kwa hivyo tunasajili kampuni kando, shirika liwe na hisa. Mfadhili atabeba gharama za majaribio. Mwekezaji anangoja mauzo ya mvua za masika. Mawakili nao, jameni, ni ghali!