Kunguru wa India wanamaliza vifaranga na viota: tuwakabili vipi hapa Malindi?

Mfugaji wa Maweni
Assalamu alaikum ndugu zangu. Hapa Maweni kunguru wa India wamezidi mno. Huwanyakua vifaranga wa kuku mchana kweupe, na katika mwarobaini ulio uani kwangu, ambamo minana walikuwa wakisuka viota kila msimu wa mvua, hakuna tena kinda anayeruka, kwa kuwa mayai huliwa yangali mabichi. Jirani yangu anapendekeza tutie dawa ya wadudu wa shambani kwenye matumbo ya samaki, tuyatupe wanapotua. Moyo wangu unasita. Je, ipo njia iliyo salama?

Mwangalizi wa ndege, Gede
Wa alaikum salaam, dada yangu. Nakusihi usikubali rai hiyo. Dawa ya shambani itamuua paka, itamuua mwewe, na atakayeula mzoga wa kunguru naye atadhurika. Wataalamu hutumia sumu maalumu iitwayo Starlicide, ambayo huharibu figo za kunguru polepole na kuvunjikavunjika mwilini mwake kabla hajafa, hivyo mzoga wake hauwi hatari kubwa kwa wanyama wengine. Hata hiyo huwekwa na wenye mafunzo na kibali peke yao, baada ya kuwazoesha kunguru nyama isiyo na sumu na kuhakikisha kwamba hakuna ndege mwingine anayeijia. Mwaka 2024 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, lilitangaza mpango wa kuwaangamiza kunguru hawa milioni moja, kwa hiyo peleka malalamiko yako katika ofisi yao.

Tena tafadhali mtofautishe. Kunguru wetu wa asili ana kifua cheupe. Mgeni ana shingo ya kijivu na hana weupe wowote. Inaniuma sana kusikia kwamba yule wa kwetu anapigwa mawe kwa makosa ya mwingine.

Mvuvi wa Mayungu
Naafikiana na ndugu wa Gede, ila naona tumesahau chakula chao. Ndege hawa waliletwa Unguja miaka ya 1890 ili wale taka, wakaonekana Mombasa mwaka 1947, na hadi leo taka ndizo zinazowalisha. Tukipasua samaki ufuoni na kuyaacha matumbo juani, tukitupa mabaki ya nyama nyuma ya mabucha, tutaua mia na nafasi yao itajazwa na wengine. Matumbo yafukiwe siku hiyo hiyo, na mapipa yawe na vifuniko.

Mwalimu, Shela ya Malindi
Naongeza mambo mawili. Kunguru huyu haishi mbali na binadamu, kwa hiyo kila makazi yanaposogea ukingoni mwa misitu ya Arabuko-Sokoke au Dakatcha, naye husogea pamoja nayo, na huko ndiko aliko mnana wa Clarke, ndege asiyepatikana popote duniani nje ya eneo letu la Kilifi. Hilo linanitia hofu kuliko kuku wetu.

Kwa uani kwako, dada, wafunike vifaranga kwa wavu mpaka wakue. Mtego wa tundu kubwa, wenye kunguru hai ndani kama kivutio, pia hufaa, lakini uombewe ruhusa kwanza. Kunguru huyo apewe maji na kivuli, na mtego ukaguliwe kila siku ili ndege mwingine akinaswa aachiliwe upesi.