Mjadala: Popobawa tumsimulie vipi?

Wanajamvi, naleta swali ambalo najua litatugawa. Je, ni sawa kuigeuza hofu ya Popobawa, zimwi la usiku la Zanzibar, kuwa burudani: video za usiku kwenye magofu, visa vya kutisha redioni, matembezi ya watalii gizani? Wapo wanaosema tunyamaze kabisa, maana kumtaja ni kumwita. Wapo wanaosema kila nchi ina mazimwi yake, na sisi wetu tumuuze. Mimi nasema tumsimulie, lakini kisa kitolewe chote, kwa sababu sehemu inayorukwa ndiyo nzito kuliko zote.

Kwa vijana ambao hawakuwepo: mapema mwaka 1995 hofu ilianza Pemba, ikavuka hadi Unguja, kisha ikafika Dar es Salaam. Watu walieleza kwamba usiku huja kitu, wengine wakakiona kama kivuli chenye mabawa, wengine wasione chochote ila kunusa harufu kali. Kinamwelemea mtu kitandani na kumdhalilisha, awe mwanamume au mwanamke. Ikasemwa pia kwamba anayeficha alichotendewa atarudiwa, na ndiyo maana watu wazima wenye heshima zao walisimama wakatangaza mbele ya majirani jambo ambalo kwa kawaida wangekufa nalo. Familia zilihama vyumbani zikalala nje kwa makundi, moto unawaka, Kurani inasomwa hadi alfajiri.

Katika siku hizo, mjini Unguja, kundi la watu lilimuua mtu kwa kudhani kwamba ndiye Popobawa. Alikuwa mgonjwa wa akili aliyekuja kutafuta matibabu.

Nimetazama na kusoma mengi yanayotengenezwa kuhusu Popobawa, na mara nyingi nakutana na mabawa, harufu na muziki wa kutisha. Marehemu yule hayumo. Hapo ndipo ninapokasirika. Kisa kina mtu mmoja ambaye kifo chake hakina ubishi, na huyo ndiye tunayemwacha nje.

Najua wengine mtasema: basi wewe huamini. Nawaomba tusianzie hapo. Bibi zetu walilijua jinamizi kabla ya daktari yeyote kulieleza. Katika hatua ya usingizi wenye ndoto, ubongo hulegeza misuli ili mwili usiyatende yale tunayoyaota. Akili ikizinduka kabla ya misuli kurudi kazini, mtu anaona chumba chake vizuri lakini hawezi kuinua mkono wala kupiga kelele, kifua kinabanwa, na mara nyingi anahisi kuna mtu pembeni yake. Humpata zaidi mwenye wasiwasi, asiyelala vya kutosha na anayelala chali. Sasa fikirieni visiwa ambavyo watu wake wanakesha usiku baada ya usiku kwa woga. Hofu iliwanyima usingizi, na kukosa usingizi kukazaa majinamizi mapya. Kwa maelezo haya simwiti mtu yeyote mwongo. Waliosema wameelemewa walielemewa kweli. Tunachobishania ni nani au nini kiliwaelemea, na ubishi huo unaweza kuendelea bila mtu kupigwa.

Kuna na siasa, jamani, tusijifanye hatuioni. Oktoba 1995 ulikuwa uchaguzi mkuu wa kwanza wa vyama vingi Zanzibar tangu mapinduzi ya 1964, na chama tawala CCM na wapinzani wao CUF walikuwa hawasalimiani. Uvumi nao ulishika njia hizohizo, kila upande ukinong'ona kwamba upande wa pili ndio uliomleta au unamtumia. Msimulizi anayeliondoa hili anabaki na mnyama wa ajabu asiyetoka popote, na msikilizaji hapati kujua kwa nini hofu ilishika mwaka ule na si mwingine.

Hoja ya upande wa pili ninaiheshimu. Hadithi za kutisha zina raha yake, na mahali penye kisa hupata wageni. Mapango ya Amboni pale Tanga ni mfano. Kwa miaka mingi ilisimuliwa kwamba njia zake zinafika hadi Mombasa, lakini uchunguzi wa mwaka 1994 ukakuta pango refu kuliko yote waliyoyapima halizidi kama mita 900. Wageni hawakuacha kuja, na simulizi haijafa. Lakini Amboni pia kuna watu wanaoingia kutambika na kuacha sadaka zao kwa Mzimu wa Mabavu. Anayeingia humo na kamera akipiga mayowe ya kujitisha ni kama aliyeingia msikitini na viatu, hata kama yeye mwenyewe haswali. Aombe ruhusa, aeleze anachokiona na wanaokitumia ni akina nani, halafu atishe atakavyo.

Nyinyi mnaotembeza wageni Mji Mkongwe, hebu tuambieni: mgeni akiuliza habari za Popobawa, mnamweleza kuhusu yule mgonjwa? Na nyinyi mliokuwa watu wazima mwaka 1995, hasa wa Pemba, mngependa kisa kisimuliwe na nani?

Kuna jambo moja ambalo mimi na rafiki zangu tumeshindwa kukubaliana, nalo naliweka mezani. Wao wanataka marehemu atajwe kwa jina na awekewe alama mahali alipouawa, ili mtu asiweze kusimulia kisa na kumruka. Mimi nasema alama iwekwe, ila jina lisitajwe mpaka ndugu zake waridhie, kwa sababu ukoo ulioaibishwa mara moja hauna deni la kuaibishwa tena kwa ajili ya elimu yetu. Anayeona nimekosea alete hoja yake.