Ilsenburg hadi Brocken kwa miguu: mtoto wa miaka minane ataweza?

Neema_Marangu
Habari zenu wakubwa. Mimi ni muuguzi, nipo Wernigerode, Ujerumani, tangu mwaka jana, na mwanangu wa miaka minane amenifuata juzijuzi. Wenzangu wa wodini kila Jumatatu hadithi ni moja: nani kapanda wapi. Wakiniuliza mimi, nasema nililala, basi wananitazama kama vile nahitaji kupimwa presha. Sasa wamenishika: tuanzie Ilsenburg, tufuate bonde la mto Ilse mpaka kileleni mwa mlima Brocken. "Ni matembezi tu," wanasema.

Naomba ukweli. Mtoto ataweza? Lazima ninunue yale mabuti ya bei mbaya? Na ile miti ya kijivu ninayoiona nikiwa kwenye treni, mlima mzima umekauka, kuna usalama kweli kupita humo?

Msambaa_wa_Harz
Dada Neema, karibu. "Matembezi tu" ikitoka kwenye mdomo wa mtu wa milima hii ya Harz, iogope.

Mimi ni wa Lushoto. Kwetu mtu akikuona unapanda kilima mikono mitupu, huna kuni, huna ndoo, huna mbuzi, anakuuliza nani kafiwa. Kwa hiyo mwaka wangu wa kwanza huku nilipoalikwa nilicheka. Nikasoma Brocken ina mita 1,141, nikacheka zaidi, maana Lushoto mjini tu tuko kwenye mita 1,400 hivi. Nikaenda na raba na jaketi la jinzi. Mwezi wa tano, Ilsenburg watu wanalamba aiskrimu kando ya bwawa.

Ni kama kilomita 12 kwenda tu, na unapanda karibu mita 900. Mwanzo raha tupu: mto unaruka juu ya mawe yenye ukoga wa kijani, kivuli, ndege. Kisha miti ikaanza kuwa mifupi. Nikadhani ni michanga. Kumbe ni mizee iliyodumaa kwa baridi! Karibu na mita 1,100 miti inakoma kabisa. Kwetu urefu huo ni migomba na kahawa. Juu kulikuwa na ukungu, sioni hatua kumi mbele, na baadaye nikaambiwa siku zaidi ya 300 kwa mwaka hupita ukungu pale. Upepo nao, kituo cha hali ya hewa kiliwahi kupima kilomita 263 kwa saa, Novemba 1984. Wangu haukufika hata robo, lakini ulinivua kofia na sijaiona mpaka leo.

Nikanywa supu ya njegere, vidole haviwezi kushika kijiko. Kushuka nikapotea njia nikaangukia Hirtenstieg, barabara ya zamani ya askari wa mpakani, enzi Ujerumani ilipogawanyika Mashariki na Magharibi, mabamba ya zege yenye matundu, imesimama kama ngazi. Magoti yaliniuma siku tatu. Kazini nilikuwa nashuka ngazi kinyumenyume.

Kwa hiyo Brocken na mtoto, bado. Anza na Ilsestein. Tenga nusu siku kutoka stesheni ya Ilsenburg na kurudi, raba yenye meno inatosha. Ni jabali lililosimama wima juu ya bonde, na juu yake kuna msalaba wa chuma uliowekwa 1814. Njia ya bondeni ina jina la mshairi Heinrich Heine, aliyepita huku 1824. Alipofika pale juu akashikwa na kizunguzungu, akaukumbatia huo msalaba asianguke. Mshike mtoto mkono.

Halafu mnunulie kile kijitabu cha mihuri, Harzer Wandernadel. Milima yote ya Harz ina vituo 222, kila kimoja ni kikasha chenye mhuri ndani, na Ilsestein kipo. Mihuri minane anapata beji ya shaba. Mwanangu alipofikisha saba, saa kumi na mbili jioni na mvua, aligoma kurudi nyumbani.

MamaKadzo
Nawasalimu kutoka Goslar. Kaka Msambaa kasimulia kofia mpaka swali la miti kalisahau.

Neema, miti ile ni jamii ya misonobari, wenyewe huiita Fichte. Mingi ilipandwa na watu, kwa ajili ya mbao na migodi. Ukame ulioanza 2018 uliidhoofisha, ikaingiliwa na kidudu kinachokula chini ya gome. Hifadhi ya taifa iliiacha mingi isimame vivyo hivyo. Mara ya kwanza kuiona nilikumbuka milingoti ya majahazi bandarini, ila hapa hakuna tanga hata moja. Lakini inama utazame chini: miche imejaa tele, ya aina nyingine nyingi.

Usalama ni hivi. Siku ya upepo usiingie, hata kama umeshakata tiketi. Ile miti huanguka bila kupiga hodi. Usitoke njiani. Kiberiti na sigara ni marufuku, msitu huo huwaka. Na mkirudi, mvue mtoto nguo umkague kupe: nyuma ya magoti, kwapani, nyuma ya masikio. Kupe mtoe kwa kibano, usimpake mafuta kama tulivyofundishwa nyumbani.

Brocken ukiitamani sana, kuna treni ya moshi kutoka hapo hapo kwenu Wernigerode. Nauli itakuuma, lakini hutashuka ngazi kinyumenyume.

Neema_Marangu
Narudi na ripoti. Tulikwenda Ilsestein Jumamosi, hakukuwa na upepo. Mtoto alikuwa mbele muda wote, mimi ndiye niliyekuwa naomba tupumzike.

Kwenye benchi tulimkuta bibi mmoja akimenya yai. Akaniambia kazaliwa Ilsenburg, na Brocken alikuwa akiiona tangu utotoni, ila kuanzia 1961 ikafungwa, eneo la jeshi, marufuku kukanyaga. Tarehe 3 Desemba 1989 watu walipanda wakadai lango lifunguliwe, likafunguliwa. Yeye alikuwemo, na viatu vyake vya kazini. Nikaacha kuuliza habari za mabuti.

Mwanangu kaokota kipande cha gome, ndani kimechorwa mistari mistari kama maandishi. Bibi akamwambia huyo kidudu kwa Kijerumani anaitwa Buchdrucker, mchapa vitabu. Gome sasa liko kwenye mkoba wa shule na kila mtu anaombwa alisome.

Mhuri mmoja tunao. Kaka Msambaa, kofia ya kamba za kufunga kidevuni inauzwa duka gani?

Msambaa_wa_Harz
Ningejua, ningekuwa nayo.