Fizikia ya nadharia au ubongo wa mtoto: fedha za utafiti ziende wapi?

Bahari Kuu (mleta mada)
Wakuu, jambo hili nimekaa nalo rohoni muda mrefu, leo nalitua. Fedha za umma za utafiti ni kapu moja na mikono inayoingia humo ni mingi. Msimamo wangu: kabla mtu wa fizikia ya nadharia hajapewa senti, apewe kwanza anayechunguza makuzi ya mtoto.

Kuanzia 1962 pale Ypsilanti, Michigan, Marekani, walichukuliwa watoto 123 wa familia maskini. Baadhi wakapata shule ya awali yenye walimu waliosomea kazi yao, wengine hawakupata, kisha wote wakafuatiliwa hadi utu uzima. Huo ndio mradi wa Perry. James Heckman, mchumi aliyepewa Nobel kwa kazi hiyo, alipiga hesabu na wenzake wakaona uwekezaji ule unarudisha asilimia 7 hadi 10 kila mwaka. Sasa nionyesheni nadharia ya nyuzi, ile inayodai kwamba kila kitu kimeundwa na nyuzi ndogo mno zinazotetema, imerudisha nini tangu iliposhika kasi 1984. Watu wanachora ubaoni miaka arobaini, wamejengewa na handaki la kilomita 27 la kugonganisha chembe kule CERN, maabara ya fizikia ya Ulaya, na hakuna jaribio lililowahi kuzithibitisha hizo nyuzi.

Na muda hausubiri mtu. Ubongo ukishapita miaka mitatu, basi. Samaki mkunje angali mbichi. Akikauka, ukimkunja anavunjika.

Kibatari
Mkuu, hilo la "wanachora ubaoni" nalijibu, maana mimi ni mmoja wa hao wachoraji.

Mwaka 1928 Paul Dirac aliandika mlinganyo wa kuieleza elektroni. Mlinganyo ukamtolea majibu mawili, moja la kawaida na jingine ambalo halikuwa na maana yoyote kwa ulimwengu uliojulikana. Hakulifuta. Mwaka 1931 akasema lazima kuwe na chembe pacha wa elektroni mwenye chaji ya kinyume. Mwaka uliofuata Carl Anderson akaiona katika miale itokayo angani. Tunaiita positroni. Herufi ya P katika skana ya PET, mashine ya hospitali inayopiga picha za ndani ya mwili, ndiyo hiyo. Mwaka 1987 Harry Chugani na wenzake wakatumia PET kuangalia jinsi ubongo wa mtoto unavyotumia sukari, na grafu yao ikazunguka dunia nzima kwenye maandiko ya watetezi wa malezi ya awali. Chombo cha hao wachunguzi wa watoto unaowapigania kilianzia kwenye ubao unaotaka kuufuta.

Halafu lile handaki ni la majaribio, si la nadharia. Usitubebeshe gharama zake. Mtu wa nadharia anahitaji mshahara, karatasi na mtu wa kubishana naye.

Mama Subira
Mimi fizikia siijui. Nimekuja kwa ajili ya samaki.

Nilimchukua binti wa marehemu mdogo wangu akiwa na miaka sita. Alikoishi kabla hakuna aliyekuwa akimsemesha. Hakujua jina la rangi hata moja. Usiku wa kwanza alilala chini ya meza, nami nikalala sakafuni karibu naye. Mtu mmoja mwenye koti jeupe aliniambia yaleyale uliyoandika wewe: nisijichoshe, umri umepita. Miezi minane mtoto hakutamka sentensi yenye maneno matatu. Siku aliyosema "Mama, maji yamemwagika", nilikaa chini pale pale penye maji nikalia.

Leo ana miaka kumi na mitatu. Mwanangu si samaki. Na methali si hiyo moja tu, hata "kawia ufike" ni ya wazee haohao.

Bahari Kuu
Mama, pole kwa msiba na hongera kwa malezi. Lakini sikukusema wewe wala binti yako, nilisema sayansi. Watoto 136 waliokuwa wakilelewa kwenye vituo vya yatima Bucharest walifuatiliwa. Nusu walipelekwa kwa familia za malezi, nusu wakaendelea na huduma iliyokuwepo. Waliopata familia kabla ya kutimiza miaka miwili walifanya vizuri kuliko waliochelewa. Kisa kimoja cha nyumbani hakifuti hilo.

Mama Subira
Kisa kimoja cha nyumbani kina jina na kinakula nami mezani. Baba, umewahi kumlea mtoto wa namna hiyo wewe? Usinijibu kwa grafu.

Daftari Jeusi
Nimefanya kazi na takwimu za elimu maisha yangu yote, naomba nirekebishe mambo kabla hayajawa ukweli wa mtaani.

Heckman hakupewa Nobel kwa sababu ya Perry. Alipewa mwaka 2000 kwa mbinu za kushughulikia sampuli zilizojichagua zenyewe: unafanyaje hesabu pale watu unaowaona si picha halisi ya watu wote. Hesabu zake maarufu za Perry zilikuja baadaye. Na hao 123, waliopata shule walikuwa 58. Hamsini na nane! Sidharau, kwa sababu kuwafuatilia watu miongo yote ile ni kazi ya kuheshimiwa. Lakini sera ya nchi nzima kusimama juu ya mabega ya watoto 58 ni mzigo. Tena alama zao za akili zilipanda, kisha ndani ya miaka michache ya shule zikarudi kukaribiana na za wenzao. Kilichobaki ni ajira, kipato, na kutokamatwa kamatwa na polisi. Kwa hiyo hata kule Perry, "ubongo ulikunjwa" si maelezo yanayotosha.

Upande wa pili kuna utafiti wa Tennessee, jimbo jingine la Marekani. Watoto karibu 3,000, nafasi zikagawiwa kwa bahati nasibu, na matokeo yaliyotolewa 2022 yanaonyesha kwamba walipofika darasa la sita, waliopata shule ya awali walikuwa nyuma ya waliokosa. Nyuma, wakuu! Kuwahi peke yake hakutoshi, inategemea mtoto amewahishwa kwenye nini.

Upepo wa Kusi
Kibatari unajisifu, lakini mmesahau siku wanafizikia walipoingia wenyewe kwenye ubongo. Gordon Shaw alikuwa mtu wa fizikia ya chembe. Ndiye aliyetuletea habari kwamba mtoto mchanga akisikilizishwa Mozart anakuwa na akili. Wazazi wangapi walinunua zile kanda? Mama yangu mmoja wao. Tulikuwa tunalazimishwa kunyamaza nyumba nzima ili mdogo wetu asikie muziki, na sisi wakubwa tukielezwa kwamba yetu imeshapita. Nilikuwa na miaka minane. Nililiamini neno hilo hadi nimekuwa mtu mzima.

Kibatari
Kaka, hilo la kuambiwa yako imepita linauma na sitalibishia. Ila Shaw usimsingizie. Makala ile ya 1993, aliyoiandika na Frances Rauscher na Katherine Ky, ilihusu wanafunzi 36 wa chuo kikuu. Watu wazima! Walisikiliza dakika kumi, wakafanya mtihani wa kufikiria maumbo, alama zikapanda, na athari ikayeyuka ndani ya robo saa hivi. Mtoto mchanga hayumo humo hata kwa dawa. Aliyewapachika vichanga ni tamaa ya wauzaji, na siasa. Mwaka 1998 gavana wa Georgia kule Marekani aliomba dola 105,000 ili kila mtoto anayezaliwa apewe muziki huo.

Upepo wa Kusi
Kwa hiyo mwanasayansi akishatupa kokwa njiani, mti ukiota si wake?

Kibatari
Anapaswa kusimama hadharani aseme "sikusema hivyo", tena mara nyingi kuliko alivyosema la kwanza. Hapo nakubaliana nawe. Na mleta mada naye alichofanya juu ya miaka mitatu ni kilekile cha yule gavana.

Bahari Kuu
Kunifananisha na muuza kanda ni kunivunjia heshima. Mimi nimetaja tafiti kwa majina. Paka wa Hubel na Wiesel mnawajua? Mtoto wa paka akizibwa jicho moja miezi ya mwanzo, ukija kulizibua jicho ni zima lakini ubongo haulisikilizi tena. Walipewa Nobel 1981. Huo si uvumi.

Daftari Jeusi
Si uvumi, ni kweli kabisa. Lakini ni jicho, mkuu. Kile ni kipindi cha njia moja ya ubongo, na kila njia ina saa yake. Na hata kwa macho, Pawan Sinha aliendesha mradi wa Prakash India, wakawafanyia upasuaji watoto waliozaliwa na mtoto wa jicho, wengine wakiwa wameshapita miaka kumi. Makali ya kuona hayarudi yote. Lakini wanajifunza kutambua vitu na kutofautisha sura za watu, jambo ambalo kwa hesabu ya paka wengi waliliona muhali.

Na ile Bucharest uliyoitaja: tofauti ya kuwahi na kuchelewa ilionekana kwenye baadhi ya vipimo, kwenye vingine haikuonekana. Umechukua kipimo kimoja ukakiita ubongo.

Mwalimu wa Zamani
Vijana, nimefundisha watoto, nikafundisha watu wazima waliokuwa hawajui kusoma. Nitasema moja. Grafu ya Chugani ambayo Kibatari ameitaja, isomeni hadi mwisho. Ubongo wa mtoto unafikia kula sukari karibu mara mbili ya ubongo wa mtu mzima, na hali hiyo haiishii miaka mitatu. Inadumu hadi karibu miaka tisa, ndipo inaanza kushuka taratibu hadi mwisho wa ujana. Huyo binti wa Mama Subira aliingia nyumba ile moto ukiwa bado unawaka sana.

Na hata ukipungua hauzimiki. Eleanor Maguire alipima madereva teksi wa London mwaka 2000, watu wazima wenye kazi zao, wanaokariri maelfu ya mitaa. Sehemu ya nyuma ya hipokampasi yao, eneo la ubongo linalohusika na kumbukumbu na kujua njia, ilikuwa kubwa kuliko ya watu wengine. Baadaye wakafuatilia wanaojifunza kazi ile. Waliofaulu iliongezeka, walioshindwa haikuongezeka.

Upepo wa Kusi
Mwalimu, asante. Ningependa mama yangu angekusikia wakati ule.

Bahari Kuu
Naona nimekuwa mimi dhidi ya uzi mzima. Haya. Nitoe mfano ambao ningeanza nao kama nisingekuwa na haraka.

Jamaika, Kingston, 1986 na 1987. Watoto 129 waliodumaa, wa umri wa miezi tisa hadi ishirini na minne. Kwa baadhi yao mhudumu wa afya alikuwa akienda nyumbani mara moja kwa wiki, saa moja, kwa miaka miwili. Anachofanya ni kukaa chini na mama na mtoto na vitu vya kuchezea vilivyotengenezwa kwa mikono, kumwonyesha mama namna ya kumsemesha mtoto, kumsifu, kumwacha ajaribu. Vitu vinaachwa pale, wiki ijayo analeta vingine. Miaka ishirini baadaye kipato chao kilikuwa asilimia 25 juu ya wenzao waliodumaa ambao hawakutembelewa. Gertler, Heckman na wenzao walichapisha hilo 2014. Hakuna skana, hakuna ubao. Mtu anayezungumza na mtoto.

Hicho ndicho nilichotaka fedha ziende. Ile sentensi ya samaki naiondoa. Mama Subira, nisamehe. Nililelewa na methali ile, nikaiandika bila kufikiri inamwangukia nani.

Daftari Jeusi
Na hapo umejenga hoja kuliko mwanzo. Ila angalia: aliyefundishwa pale alikuwa mama, mtu mzima, na alijifunza. Watoto 129 nao ni wachache. Kama ningekuwa na kapu hilo ningelipa kurudia utafiti huo sehemu nyingi, na nisingelichukua kutoka kwa Kibatari, kwa sababu mshahara wake hautanifikisha popote. Ningeangalia fedha zinazotumika kwenye programu ambazo hakuna aliyewahi kuzipima kabisa.

Kibatari
Nashukuru kwa kuniachia mshahara. Nadharia ya nyuzi nayo siitetei kwa upofu. Wapo wenzangu wanaoona imevuta vijana wengi mno upande mmoja, na mimi naona wana haki. Ila Peter Higgs, mtu wa nadharia kama mimi, alitabiri chembe yake 1964, ikaonekana 2012. Mngemkagua mwaka wa arobaini mngemfukuza.

Mama Subira
Bahari Kuu, yamekwisha, baba.

Jana jioni binti yangu aliniona nasoma hapa akaomba asome yeye. Husoma kwa sauti, kidole chini ya neno, na akikwama harudi nyuma mpaka alishinde. Alikwama kwenye "positroni". Alipolitamka akaniuliza: kama ni pacha wa elektroni, kwa nini ni wa kinyume, na wakikutana inakuwaje? Sikuwa na jibu. Kibatari, mjibu mtoto.

Kibatari
Mdogo wangu, umeuliza swali zuri kuliko letu sote hapa. Ni mapacha kwa sababu wana uzito uleule kabisa. Ni wa kinyume kwa sababu mmoja ana chaji hasi na mwenzake chanya. Wakikutana wanatoweka wote wawili, na mahali pao inatoka miali miwili ya nuru kali ambayo jicho halioni, mmoja unaenda huku na mwingine unaenda upande wa pili, kama watu wawili waliopeana migongo wakaanza kukimbia. Mgonjwa hudungwa sukari maalumu inayotoa positroni. Skana inamzunguka kama pete. Ikidaka miali miwili kwa wakati mmoja, inajua kwamba mapacha walikutana mahali fulani kwenye mstari ulionyooka kati ya sehemu hizo mbili za pete. Inachora mstari huo, kisha mwingine, kisha mamilioni. Pale mistari inapokatana kwa wingi, ndipo ubongo unapokula sukari nyingi.

Chukua karatasi uchore duara, upitishe mistari yako ndani. Ukikwama, mwambie mama aandike hapa.